Barua kwa mwanangu: ile fremu ya kijani

Nasimiyu mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma dukani, nikausoma tena usiku. Unauliza kama uweke ile fremu ya kijani kwenye picha yako ya LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, ile fremu inayotangaza kwamba mtu anatafuta kazi, au wenzako wa Chuo Kikuu cha Egerton wataona umekwama. Ati rafiki yako amekuambia inanuka njaa.

Nilimuuliza kaka yako jinsi inavyofanya kazi. Anasema ilikuja 2020, wakati wa korona, na kwamba kuna njia mbili: uonekane na kila mtu, hapo ndipo fremu hutokea, au uonekane na waajiri wanaosaka watu tu, bila fremu. Hiyo ya pili inamfaa aliye kazini na hataki bosi wake ajue, na hata hapo LinkedIn wenyewe hawaahidi siri kamili. Wewe mkataba wako umeisha. Unamficha nani?

Ona, nimeshaanza kuhukumu. Ngoja.

Baba yako alipunguzwa kazi 1998, baada ya zile mvua za El Nino. Hilo mnalijua. Labda hamjui nilivyolijua mimi. Kila asubuhi alipiga shati pasi, ile ya makaa, akafunga tai, akabeba ule mkoba wa kahawia na kutoka mtaani kwetu Shabab pamoja na watu wa kazi. Jioni alirudi akisema leo kazi ilikuwa nyingi. Mkobani mlikuwa na gazeti, nakala za vyeti na bahasha za kupeleka Posta. Mpaka siku moja, kwenye foleni ya mfereji, wewe uko mgongoni, mama wa nyumba ya pili akaniuliza mbele ya watu: "Mama Nasimiyu, mzee siku hizi anafanyia kazi Nyayo Gardens?" Wakacheka, maana pale ni bustani ya kupumzikia mjini. Ndoo ilikuwa haijafika nusu. Niliibeba hivyo hivyo nikaondoka.

Kicheko nilishasamehe. Kinachoniuma ni kwamba mume wa yule mama alikuwa mkuu wa stoo kwenye kampuni ya malori, na mwezi uleule walikuwa wanatafuta karani wa leja, yale madaftari ya hesabu. Walimchukua kijana kutoka Molo. Yule mkuu wa stoo aliposikia habari zetu akasema, "Si mngesema tu." Mngesema tu! Na mwandiko wa baba yako kwenye leja wakaguzi wenyewe waliusifu. Yeye yuko kwenye benchi, anasoma matangazo ambayo Nakuru nzima inayasoma.

Ndiyo maana mnanicheka na methali yangu: mficha uchi hazai. Baba yako naye hunijibu siri ya mtungi aijuaye kata. Anasema angejitangaza, mwenye ploti angetaka kodi mapema na dukani wangetukatia mkopo. Na mwaka ule tulikula kwa mkopo, hilo siwezi kulikana. Tena siku hizi ukijitangaza matapeli wanakuja mbio. Binamu yako wa Kakamega aliacha namba yake ya simu chini ya tangazo la #IkoKaziKE, ile alama ya matangazo ya kazi mitandaoni. Kabla ya jioni akapigiwa, kazi ipo, tuma elfu moja mia tano ya medikali. Akatuma. Mwajiri wa kweli haombi pesa, mwambieni hivyo kila mkikutana.

Lakini bado nasema, mficha uchi hazai.

Tena hata hiyo fremu yenyewe inasema nusu tu. Inasema huna kazi, haisemi unajua nini. Hata baba yako angezunguka mjini na bango shingoni, yule wa stoo asingejua kwamba anaijua leja. Kwa hiyo pale chini ya jina lako usiandike "natafuta kazi yoyote". Andika maziwa. Eleza jinsi ulivyokuwa ukipokea maziwa ya wakulima alfajiri, laktomita, kile kipimo cha maziwa, ikizama kupita kiasi unajua mtu ametia maji, na ulivyomrudishia mzee wa watu mtungi wake bila kumvunjia heshima. Hiyo hadithi ulinisimulia jikoni nikacheka hadi machozi, waajiri hujawasimulia. Weka ile picha ya koti jeupe, siyo ya harusi ya shangazi yako. Kisha waandikie watu wa viwanda vya maziwa mmoja mmoja, kwa jina, siyo ujumbe mmoja wa kusambaza kwa wote.

Fremu uamue mwenyewe, wewe ni mtu mzima. Sisemi weka, sisemi toa. Ingawa ningekuwa mimi ingekuwa pale tangu juzi.

Ila ujue kwenye grupu letu la chama nimeshasema. Mama mmoja wa Njoro ana mkwe kwenye kiwanda cha maziwa huko Eldoret, na anataka sivii yako. Itume kama PDF, siyo kuipiga picha kwa simu kama mara ile. Na baba yako usimwambie bado.

Mama yako