Kasha la diski ngumu kwa video za harusi

Ndugu yangu, umeuliza ununue kasha la kuunganisha diski ngumu na kompyuta, la diski mbili au la nne, kwa video zako za harusi hapo nyumbani Nkuhungu, Dodoma. Chukua la nne, lenye RAID ndani yake, yaani mfumo wa kufanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja, maana mengine hayana. Diski mbili zenye nafasi ya terabaiti 4 kila moja, kwa RAID 1, zinakupa terabaiti 4, kila kitu kikiandikwa mara mbili. Nne kama hizo kwa RAID 5 zinakupa terabaiti 12, na moja ikifa kazi haipotei.

Vumbi letu la kiangazi ndilo linalonitia hofu. Tafuta kasha lenye feni kubwa na chujio linalochomoka, ulipanguse kila wiki, na usiliweke sakafuni wala dirishani. Pia nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kabla ya hata diski ya tatu: umeme ulikatika nikinakili video za sendofu ya binamu yangu, zikaharibika zote. Hadi leo inaniuma.

Kuunganisha na kompyuta, USB 3 inatosha, usilipie zaidi. Ila RAID haikuokoi na mwizi wala kufuta kwa bahati mbaya, kwa hiyo weka nakala nyingine kwa shangazi yako.