Mwaka wa pili kwa jaji mwingine: una faida gani kwa wakili kijana Marekani?

Swali: Shikamoo Wakili. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria hapa Kentucky. Jaji mmoja wa mahakama ya wilaya ya shirikisho amenikubali niwe msaidizi wake wa sheria kwa mwaka mmoja kuanzia Agosti. Mwalimu wangu ananihimiza nitafute mwaka mwingine kwa jaji wa rufani, lakini kampuni ya mawakili niliyofanyia kazi wakati wa likizo inataka nianze kwao mapema. Nia yangu ni kutetea watu kwenye kesi za uhamiaji. Nina mkopo wa serikali wa dola 140,000, na nina kadi ya kijani. Nilifika mwaka 2016 kama mkimbizi nikitokea kambi ya Nyarugusu. Je, kuwa msaidizi wa jaji mara mbili kutanifaa au kutanichelewesha?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa kazi unayoitaka, tafuta huyo jaji wa rufani. Ungeniuliza kuhusu mwaka wa pili katika mahakama nyingine ya wilaya, ningekuambia usiende. Mwaka wa pili una thamani pale tu unapokufundisha kazi ambayo wa kwanza haukufundishi.

Wasomaji walio nyumbani wasichanganye: mahakama ya wilaya ya shirikisho ya Marekani si kama mahakama ya wilaya ya Tanzania. Ndiyo inayosikiliza mashahidi katika kesi nzito za shirikisho, na kwa hadhi inakaribia Mahakama Kuu yetu. Ziko 94. Juu yake ziko mahakama za rufani 13, kisha Mahakama ya Juu.

Kwa jaji wa wilaya utashughulika na maombi ya kutaka kesi itupwe, ugomvi wa nani amkabidhi nani nyaraka gani, mapingamizi ya ushahidi mbele ya juri na upangaji wa adhabu. Mambo ni mengi na hayasubiri. Mara nyingine jaji anataka jibu kabla hajarudi kwenye kiti chake mahakamani baada ya chakula cha mchana. Kwa jaji wa rufani hakuna shahidi. Unapewa mwenendo wa shauri na hoja za pande mbili, unaandika muhtasari wa jaji kabla ya kikao, na swali linalokuandama kila faili ni moja: mahakama hii inaruhusiwa kuingilia uamuzi wa chini kwa kiasi gani? Wakili asiyelielewa swali hilo hupoteza rufani zenye hoja nzuri.

Sasa angalia kesi za uhamiaji zinavyopita. Majaji wa uhamiaji wako chini ya Wizara ya Sheria, na anayeshindwa mbele yao hukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Uhamiaji. Akishindwa huko ana siku 30 za kwenda mahakama ya rufani ya shirikisho, moja kwa moja, bila kupitia mahakama ya wilaya. Maana yake ni kwamba mwaka wako wa kwanza, pamoja na uzuri wake wote, hautakuonyesha maombi ya kupinga amri ya kuondolewa nchini. Mwaka wa rufani utakuonyesha mengi, hasa katika Mahakama ya Rufani ya Tisa huko magharibi au ya Pili yenye makao New York, ambazo hupokea kesi za uhamiaji kwa wingi. Ya Sita, inayohudumia Kentucky, huzipata chache zaidi.

Chukua faili la mwomba hifadhi aliyehojiwa kwa simu kupitia mkalimani. Katika mahojiano ya kwanza ameandikwa kwamba kijiji kilivamiwa mwezi wa tatu. Katika kiapo chake, mwezi wa tano. Sheria iliyopitishwa mwaka 2005 inamruhusu jaji wa uhamiaji kupima ukweli wa mtu hata kwa hitilafu isiyogusa kiini cha madai yake. Msaidizi wa jaji wa rufani anarudi kwenye mwenendo: mwombaji aliulizwa kuhusu tofauti hiyo? Alipewa nafasi ya kueleza? Maelezo yake yalijibiwa, au yalirukwa? Ukishayasoma mafaili ya namna hiyo mwaka mzima ukiwa upande wa ndani, utajua tangu siku ya kwanza ya kumpokea mteja ni kitu gani lazima kiingie kwenye mwenendo, kwa sababu kisichoingia huko chini hakiokotwi tena juu. Na wewe unayemsikia mteja na mkalimani wote wawili utagundua makosa ambayo wengine hawayaoni.

Kwa waajiri, mchanganyiko wa wilaya na rufani unafungua milango ambayo mwaka mmoja huiacha nusu wazi: idara za rufani serikalini, ofisi za utetezi wa umma za shirikisho, kampuni ndogo zinazofanya rufani tu, na baadaye ualimu wa sheria. Unapata pia jaji wa pili wa kukusemea, na katika fani hii simu ya jaji kwa mwajiri ina nguvu kuliko barua tatu za walimu.

Mwaka wa tatu ni habari nyingine. Mwajiri anaanza kujiuliza kwa nini hujawahi kubeba mteja. Mahakama zenyewe zimeweka kikomo cha miaka minne kwa wasaidizi wa muda. Wanaofaidika na mlolongo mrefu ni wachache wanaoitafuta Mahakama ya Juu, yenye majaji tisa wanaochukua kwa kawaida wasaidizi wanne kila mmoja. Wewe ishia miwili.

Tuje kwenye pesa. Kampuni yako ikiwa inafuata viwango vya kampuni kubwa, wakili wa mwaka wa kwanza analipwa dola 225,000 na wa mwaka wa pili 235,000. Msaidizi wa jaji wa shirikisho aliyetoka chuoni huanzia daraja la 11, takribani dola 70,000 hadi 90,000 kutegemea mji. Miaka miwili kwa majaji itakupa dola 160,000 hivi, dhidi ya 460,000 za kampuni kabla ya kodi. Kampuni nyingi hupunguza pengo hilo kwa bonasi ya kuwa msaidizi wa jaji, kwa kawaida kati ya dola 50,000 na 100,000, na baadhi huongeza kwa aliyefanya mara mbili. Nyingi pia hukuhesabia miaka hiyo, ukaingia na mshahara wa mwaka wa tatu, yaani 260,000. Hata hivyo pengo halizibiki lote, na anayekuambia linazibika hajapiga hesabu.

Lakini hesabu hiyo ni ya anayeenda kampuni kubwa. Kwa anayeelekea shirika la msaada wa kisheria, mshahara wa mahakama unaweza hata kuwa juu ya ule atakaoupata huko. Tena ajira ya mahakama ya shirikisho inahesabika katika mpango wa kusamehewa mkopo kwa watumishi wa umma: malipo 120 yanayostahili, kisha salio linafutwa. Miaka miwili ni malipo 24 kati ya hayo, mradi mkopo ni wa moja kwa moja wa serikali na unalipa kwa mpango unaokubalika, kama ule wa kulipa kulingana na kipato. Usiache miezi ipite mkopo ukiwa umesimamishwa ukidhani inahesabika.

Fanya mtihani wa uwakili Julai hii, kabla ya kuanza kazi. Kupanda daraja la 12 mwaka wa pili, linaloanzia zaidi ya dola 85,000, kunadai mwaka mmoja wa uzoefu na uwe umeapishwa kuwa wakili. Wapo wanaoahirisha mtihani, wakaingia mwaka wa pili na mshahara uleule wa mwaka wa kwanza.

Kampuni iulize kwa maandishi: bonasi ni kiasi gani kwa mwaka mmoja na kwa miwili? Nafasi yangu inashikiliwa hadi lini? Bonasi inalipwa pia nikipita kwanza mahali pengine baada ya jaji? Ukiwa na ahadi ya kampuni, mwambie jaji mapema, maana hutagusa kesi yoyote yenye kampuni hiyo. Bonasi usiipokee kabla hujaondoka kwa jaji.

Jambo la uraia usilichezee. Katika majimbo 48 yaliyoungana na Washington, mahakama za shirikisho haziwezi kumlipa mshahara mgeni yeyote tu. Mwenye kadi ya kijani hukubalika akiwa anautafuta uraia, na akishastahili ana miezi sita ya kuomba. Mkimbizi huhesabiwa ukaazi wa kudumu tangu siku alipoingia nchini, wala si tangu kadi ilipotoka. Kwako miaka mitano ilitimia 2021, kwa hiyo hiyo miezi sita ilishapita zamani. Wasilisha fomu N-400 ya kuomba uraia wiki hii, na kabla ya Agosti ieleze ofisi ya jaji wako hali yako ilivyo ili watu wa ajira walipitie kwa wakati.

Kuhusu maombi yenyewe, usingoje Juni. Kalenda ya majaji ya kuajiri mwezi Juni inawahusu wanaomaliza mwaka wa pili wa chuo. Wewe umeshaivuka, na majaji wengine wa rufani huajiri mwaka mmoja au miwili kabla. Fungua OSCAR, mfumo wa mtandaoni wa kuomba nafasi kwa majaji wa shirikisho, lakini soma maelekezo ya kila jaji, kwani wapo wanaotaka karatasi kwa posta. Andaa barua, wasifu, matokeo, barua tatu za mapendekezo na sampuli ya maandishi ya kurasa 10 hadi 15. Sampuli iwe ya chuoni. Ukishaanza kazi, rasimu yoyote ya ofisi ya jaji ni siri, na haitoki bila idhini yake.

Jaji wako wa kwanza ajue kutoka kwako kwamba unaomba, kabla hajapigiwa simu na mwenzake. Muulize pia tarehe ya kumaliza, maana jaji wa pili akitaka uanze katikati ya Agosti na wa kwanza anakuhitaji hadi mwisho wa mwezi, mwenye haki ni wa kwanza. Usiende kwenye usaili wa jaji ambaye hungekubali kumfanyia kazi. Wengi hutoa nafasi papo hapo na kukataa kunakumbukwa. Kwa hiyo kabla ya kutuma ombi, zungumza na wasaidizi wawili au watatu waliotoka kwake. Ofisi ya jaji ina watu wanne au watano, na sheria kuu ya shirikisho dhidi ya ubaguzi kazini haiwalindi wasaidizi wa majaji kama inavyowalinda waajiriwa wengine. Waulize saa za kazi, namna anavyosahihisha rasimu, na kama wangerudi. Mtu akinyamaza sekunde kadhaa kabla ya kujibu swali hilo la mwisho, tafuta jaji mwingine.