Majani yamenifika kiunoni, ninunue mashine au nibaki na kwanja?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Sahare hapa Tanga, nina kiwanja cha hatua ishirini kwa thelathini hivi, tangu masika yaanze sijagusa kitu na sa hivi majani yamenifika kiunoni, jirani kila siku ananiambia habari za nyoka. Shemeji yangu anasema ninunue mashine ile ya kuvaa begani, mume wangu anasema kwanja lipo linatosha. Ila hilo kwanja lenyewe halikati, linalaza majani tu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikilize mumeo, ila mwambie anunue tupa. Kwanja linalolaza majani halijaharibika, limekosa makali tu, na watu wengi wakifika hapo ndo wanakimbilia dukani kutafuta mashine.

Kunoa kwenyewe ni hivi: libane kwanja kwenye jiliwa, kama huna likanyage vizuri juu ya gogo, alafu tupa isukume mbele tu, ukirudi inyanyue manake tupa inakata ikisukumwa, ukienda na kurudi kama unasugua sufuria unaua meno yake bure. Ilaze kidogo kama unachonga penseli. Noa pande zote mbili za bapa ili ukifyeka kwenda na kurudi mote likate. Na tafadhali usilipeleke kwenye grainda ya mchomeleaji, likipata moto mpaka chuma kikageuka bluu basi ule ugumu umeondoka, utanoa asubuhi saa nne limeshakuwa butu. Tupa kaa nayo mfukoni, kila ukipumzika kunywa maji piga misukumo mitano sita, usisubiri liishe kabisa.

Kabla hujaanza pita na fimbo ndefu ukipigapiga majani, huyo nyoka wa jirani akisikia kishindo mara nyingi anaondoka mwenyewe, na vaa gambuti, sio ndala. Huku kwetu karibu na bahari kuna na yale mawe ya matumbawe yanachungulia ardhini, ukiligonga moja tu kazi yote ya tupa imekwenda, kwahiyo yatafute kwanza na uyawekee alama. Majani ya kiunoni usiyakate chini moja kwa moja, kata kwanza usawa wa goti, yakusanye pembeni, ndo urudie chini, unaona kinachoendelea na mgongo unakushukuru. Alfajiri yakiwa na umande yanakatika kirahisi zaidi kwa kwanja.

Ukimaliza futa ule utomvu, paka oili hata ile chafu ya gari, ulitundike. Hewa yetu ina chumvi, ukiliacha limelala kwenye sakafu usiku mmoja asubuhi lina kutu.

Mashine sasa, siikatai, kama una ekari au unafyekea watu kwa hela chukua. Ila ijue. Nyingi za begani ni za stroki mbili, petroli lazima ichanganywe na oili yake maalumu, na kipimo soma kwenye kitabu chake: ikisema 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, ikisema 25 kwa 1 ni mililita 40. Mi ya kwangu ya kwanza nilimwachia kijana ajaze mafuta, akatia petroli tupu, haikumaliza siku, injini ikanoki, na wa kulaumiwa ni mimi sikumwambia. Waya wa plastiki ni wa majani laini, haya yako yameshakuwa magumu yanataka kisu cha chuma. Nati ya kile kisu nyingi zinafunguka kinyume, unazungusha kama unakaza, wengi wanaisaga kwa kutojua. Watu na watoto wakae mbali, mita 15, kale kajiwe kakirushwa ni risasi, na we mwenyewe vaa miwani. Ile ya kusukuma yenye magurudumu isahau kabisa, hiyo ni ya bustani fupi, kwenye majani ya kiuno inakabwa inazima.

SWALI: Mimi wa Pongwe. Mashine yangu ya begani ilikaa tangu vuli, sasa kuwaka mpaka nivute kamba mkono ufe ganzi, na ikiwaka dakika kumi inazima. Plagi mpya nimeweka.

JIBU: Kaka umeiacha na mafuta ndani ya tangi miezi yote hiyo, si ndio? Petroli ikikaa sana inaacha gundi kwenye kabureta. Mwaga yote, weka mchanganyiko mpya, osha chujio la hewa kwa maji ya sabuni kama ni la sponji, likauke vizuri kabla hujarudisha. Siku nyingine ukitaka kuihifadhi toa mafuta alafu iwashe iungurume mpaka izime yenyewe.

Hiyo ya kuzima baada ya dakika kumi jaribu kitu kimoja kabla hujaenda kwa fundi: ikizima tu legeza mfuniko wa tangi, uiwashe tena. Ikiendelea vizuri basi kile kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba, kisafishe, na ile hela ya fundi kale pweza.