Uzamili wa mazingira Kenya: kozi pekee hazitoshi

Umeuliza kama ukifaulu kozi zote za uzamili wa mazingira unapata digrii moja kwa moja. Hapana ndugu, kozi pekee hazikupi digrii. Bado kuna utafiti: unatetea pendekezo lako idarani, unapata wasimamizi, unaenda nyanjani, kisha unaandika tasnifu inayosomwa na watahini wa ndani na wa nje ya chuo. Ukishaitetea, unafanya masahihisho waliyokuagiza ndipo jina liingie kwenye orodha ya mahafali.

Wengi wetu tuliosomea mazingira tumeona wenzetu wakikwama kwenye vibali. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ni lazima kisheria, tangu Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na iombe kabla hujakusanya data hata moja. Ukitaka kuchukua sampuli ndani ya mbuga ya taifa, unahitaji pia ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Anza mapema, tafadhali.

Ila kagua mwongozo wa chuo chako. Baadhi ya programu hukuruhusu kufanya kozi nyingi zaidi na mradi mfupi badala ya tasnifu. Kama unawazia uzamifu (PhD) baadaye, mimi ningechagua tasnifu.