Mwanangu, mtu akisema "sikumbuki"

Mwanangu Neema,

Umeniuliza utajuaje kama mshitakiwa wa mauaji anayesema "sikumbuki chochote" anadanganya, maana karibu utaanza kuwahoji watu wanaoletwa na mahakama kupimwa akili. Usianzie kwenye uongo. Anza kwa kujua kama kumbukumbu yenyewe iliwahi kuwekwa. Kauli hiyo utaisikia mara nyingi: tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa takriban robo ya washitakiwa wa mauaji, pengine zaidi, hudai kusahau tukio.

Tazama mwili kwanza, na hasa pombe. Mtu akinywa harakaharaka na tumbo tupu, pombe hupanda ghafla katika damu na ubongo huacha kuhifadhi mambo mapya, ilhali mwenyewe anatembea, anaongea na anagombana. Kisichohifadhiwa hakirudi. Hipnosia, yaani kumtia mtu kwenye hali kama usingizi ili akumbuke, usiiguse kabisa, kwani humpandikizia kumbukumbu za kubuni, naye akaziamini. Wapo waliopoteza vipande tu. Hao hukumbuka wakidokezewa. Usimuulize "ulilewa?" Muulize alianza saa ngapi, alikunywa nini, glasi ngapi kwa muda gani, alikula lini, kitu gani cha mwisho anakikumbuka na kipi cha kwanza baada ya hapo, kisha linganisha na maelezo ya waliokuwa naye. Kama ni gongo, ukali wake haujulikani, hivyo hesabu ya glasi haitoshi. Ulizia pia kifafa, jeraha la kichwa, na sukari kushuka kwa anayechoma insulini.

Kuna wanaosema hasira au hofu kali iliwafutia tukio. Wanasaikolojia Harald Merckelbach na Marko Jelicic wa Maastricht, Uholanzi, wana mashaka makubwa na dai hili, kwa kuwa jambo la kutisha kwa kawaida hukaa kichwani. Mashaka yao yana uzito, ila yasikufanye uache kumsikiliza mtu. Na uongo upo: Rudolf Hess, aliyekuwa naibu wa Hitler, aliiambia mahakama ya Nuremberg tarehe 30 Novemba 1945 kwamba usahaulifu wake ulikuwa wa kuigiza.

Sasa kipimo chenyewe. Soma jalada la upelelezi, utunge maswali 25 kuhusu mambo ambayo mtendaji asingeweza kutoyaona, kila swali na majibu mawili, moja la kweli. Asiyejua kitu atabahatisha, apate 12 au 13. Akipata 7 au pungufu, uwezekano wa bahati tu ni kama 2 kati ya 100. Maana yake aliyatambua majibu sahihi akayakwepa. Lakini hilo halisemi kwamba aliua. Shahidi aliyejificha nyuma ya mlango angeweza kupata alama hizohizo.

Kipimo hiki huharibikia kwenye utungaji. Ukiuliza "Lilikuwa panga au kisu?" umeshamwambia ni panga, upatanisho wa kisarufi umevujisha jibu. Andika "Silaha iliyotumika ilikuwa panga au kisu?" Kisha majibu yote mawili lazima yaaminike sawa. Kijijini ukiweka panga na bastola, kila mtu atasema panga. Kwa hiyo wape maswali watu kama 20 wa eneo lilelile wasiojua kesi; swali ambalo 15 au zaidi wamechagua jibu moja, litupe. Ondoa pia yote ambayo mshitakiwa ameshayasikia kwa polisi, kwenye hati ya mashtaka au redioni. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mtu aliyekaa rumande mwaka mzima ameshasimuliwa kesi yake hadi na wenzake wa selo. Mwombe mpelelezi akueleze mshitakiwa aliambiwa nini na lini.

Akipata alama za katikati, hujathibitisha ukweli wake. Mjanja anaweza kujibu ovyoovyo kwa makusudi, na wengi wanaoigiza hawashuki chini ya 8.

Utakutana na TOMM, jaribio la picha 50 kutoka Kanada, ambapo chini ya 45 katika awamu ya pili huleta shaka. Hilo hupima kama mtu anajifanya hana kumbukumbu kwa ujumla. Anayeigiza kusahau usiku mmoja tu atalipita bila shida. Na mpaka huo wa 45 uliwekwa kwa watu wa kule; kwa mzee asiyesoma, ambaye hajazoea michoro ya mistari, usiutumie peke yake.

Jambo lingine: Christianson na Bylin wa Sweden walionyesha mwaka 1999 kuwa walioigiza kusahau, walipotakiwa baadaye kusema kweli, walikumbuka machache kuliko wenzao ambao hawakuigiza. Kwa hiyo aliyekiri uongo bado anaweza kuwa na mapengo halisi. Usimwite mwongo mara ya pili.

Katika ripoti, usijibu ambalo sheria haikuuliza. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu hali ya akili wakati wa tendo, si anachokumbuka leo. Uingereza nayo iliamua katika kesi ya Podola, 1959, kwamba kusahau tukio pekee hakumzuii mtu kushitakiwa. Andika sababu za kimwili ulizozichunguza na ulizoziondoa, alama, namna maswali yalivyojaribiwa, na mshitakiwa alikuwa ameambiwa nini kabla hujakaa naye. Ambatisha na maswali yote 25, hata yale yaliyokupa shida.

Mama yako