Permi ya kazi: swali najiulizaga mbele ya kuwasha posti ya kusude

Tangu sheria ya sutretansi ya 2017 (sutretansi ni kampuni kubwa kuachia kampuni ingine kazi fulani), hapa Lubumbashi tumekuwa wengi sana wenye vikampuni vidogo, watu wanne na kamyoneti moja, tunaingia kwenye migodi na viwanda vya shaba kusude, kupaka rangi, kuosha matanki. Na vijana wananiulizaga sana: papa, kazi gani inaomba permi na gani haiombi? Permi ni ile karatasi ya ruhusa wenye kiwanda wanasaini mbele ya kazi kuanza. Najua kwa nini wanauliza, ni juu kuingojea kumewakulia asubuhi yote wakiwa wamekaa chini ya mti na vyombo vyao. Hata mimi nilikuwa naichukia.

Mpaka siku walipotuita kuweka sapoti ya bomba kwenye tanki la asidi sulfuriki. Kwa nje, siyo ndani. Shefu wa shantie akasema ni dakika kumi tu, permi ya nini, tanki lenyewe tupu. Kijana wangu ameshavaa kofia ya kusude, njo akapita mzee mmoja wa kile kiwanda, akasimama, akauliza, "Wanangu, hili tanki nani amelipima?" Tukaangaliana. Akaenda kuleta mashini ya kupima gesi, akaishusha kwenye tundu la juu, ikaanza kulia. Kumbe asidi kidogo ilibaki chini, ikachanganyika na maji ya kuoshea, na asidi ikishakuwa nyepesi inakula chuma na kutoa hidrojeni, gesi haina harufu, haina rangi, na ikifika 4% tu kwenye hewa inaweza kulipuka. Ukisude nje joto linapita mpaka ndani. Mimi nasude tangu kijana na hiyo sikuijua, juu ninachojua ni chuma, asidi ni kazi ya wenye kiwanda.

Basi tangu siku ile najiuliza hivi: hapa kuna kitu cha kuniua ambacho mwenye mahali anakijua na mimi sikijui? Au kuna mtu anaweza kugusa switchi au vana kule mbali bila kujua niko hapa? Kama ndiyo, sianzi bila permi. Njo utakuta ni kazi zilezile kila mahali: kazi ya moto (kama kusude) nje ya atelie, kuingia ndani ya tanki au shimo, kupanda juu, umeme, kuchimba pale kebo zinapita, kunyanyua na greni. Lakini nikitengeneza geti la mtu kule Kenya (komini yetu, siyo nchi), permi ya nini?

Na karatasi yenye sinyatire haitoshi. Kwa kuingia tanki nataka kuona namba ya oksijeni imeandikwa, chini ya 19.5% hakuna mtu wangu anaingia. Kama ni umeme au konveya nafunga switchi na kadenasi yangu, mtu asiwashe, na ufunguo unakaa kwenye mfuko wangu, siyo wa shefu. Kwa moto, mtu wa kuchunga anabaki na ekstenta hata tukishamaliza, nusu saa haipungui.

Pale watu wanalala kabisa ni saa ya kubadilishana zamu. Kule Piper Alpha, jukwaa la mafuta kwenye bahari ya Kaskazini, 1988, pampu moja ilikuwa na permi mbili, moja ya pampu yenyewe na moja ya vana yake ya usalama iliyokuwa imetolewa. Watu wa usiku waliona ile ya kwanza, ile ya pili hawakuiona, wakawasha pampu, gesi ikavuja pale vana ilipotolewa, ikalipuka. Walikufa watu 167. Kwa hiyo zamu ikibadilika tunasimama, yule mpya aje mpaka pale pale, aone kwa macho, asaini.

Kuhusu masaa ya kungojea, siku hizi nayaweka kwenye devi, mstari wake peke yake, masaa mawili kwa siku. Kliyenti mmoja aliukata, nikamrudishia devi yake.