Kabla hujauliza dizeli au petroli, ziba snokeli kwa kiganja

Mkuu, nilikuwa nasoma kimyakimya mpaka nilipofika pale ulipoandika "snokeli ameshanichongea fundi, iko poa". Nikaweka chai chini. Umeuliza utoe injini ya petroli 3F kwenye Land Cruiser pikapu yako uweke injini ya dizeli 1HZ kwa ajili ya tope la shambani, ukaongeza swali la matairi na la giaboksi. Sawa. Hiyo snokeli, yaani lile bomba linaloipelekea injini hewa kutoka juu, umeijaribu?

Mimi sikuijaribu. Gari langu lilikuwa Hilux yenye injini ya 22R ya petroli, nabebea mpunga bonde la Kilombero, upande wa Malinyi. Masika ikikolea kule, udongo mweusi unaganda kwenye tairi mpaka kashata zote zinajaa na tairi linakuwa laini kama andazi. Ile petroli ilinikera. Kila nikivuka maji yanayofika bampa, distibyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, inalowa, gari linazima. Unafungua boneti, unafuta kifuniko cha distibyuta kwa kanga ya abiria, unasubiri, unawasha, unaondoka. Niliona ni ugonjwa. Kumbe ile distibyuta ndiyo ilikuwa mlinzi wangu, maana injini ilizima kabla haijanywa maji.

Fundi wangu, Mungu anamuona, akaniambia: "Dizeli haina plagi wala koili, hiyo inapita kwenye maji kama kiboko." Wapo na wa mitandaoni walioandika hivyohivyo, watu ambao nina hakika tope wanaliona kwenye kapeti tu. Nikanunua injini ya dizeli ya 3L iliyotumika, akaifunga, akaongeza na snokeli ya bomba iliyopanda mpaka juu ya paa. Inapendeza! Nilipiga nayo picha, ipo mpaka leo, na siifuti makusudi.

Alichosema kilikuwa kweli nusu. Dizeli ya zamani haizimwi na maji ya nje, na hapo ndipo balaa lilipo: itaendelea kuvuta hewa mpaka siku itakapovuta maji. Snokeli yangu mdomo ulikuwa juu ya paa, lakini pale bomba linapoingia kwenye nyumba ya ea klina, yaani kichujio cha hewa, fundi alifunga mpira wa ndani wa baiskeli na waya. Chini ya nyumba hiyo kuna kitundu cha kumwagia maji, nacho alikiacha wazi. Yaani gari lilikuwa linapumulia kwapani, pua ya juu ni urembo.

Sasa piga hesabu. 3L ni cc 2,779 kwa silinda 4, kila moja karibu cc 695, na mgandamizo wake ni kama 22 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni cc 33 hivi. Vijiko viwili vya chakula na kidogo! Maji hayagandamiziki, kwa hiyo vikishajaa hivyo vijiko, kitakachokubali kupinda ni konrodi, ule mkono unaosukumwa na pistoni. Kwenye 22R nafasi hiyo ni zaidi ya mara mbili. Na hiyo 1HZ unayoililia ina silinda 6, ila kila silinda ukubwa ni uleule, kwa hiyo vijiko ni vilevile.

Siku yenyewe kilikuwa kijito tu, si mto, maji yanagusa taa. Katikati ikazima. Haikukohoa, ilikata kama mtu kazima redio. Nikapiga stata, ikatoa "ngh" moja ikagoma. Mpaka hapo, mkuu, pengine injini bado nilikuwa nayo. Ningelivuta gari mpaka pakavu, nikachomoa hita plagi zote 4, nikazungusha injini kwa stata maji yakaruka nje kama bomba la shule lililopasuka, nikakausha njia ya hewa, nikabadilisha oili, huenda ningelala nyumbani.

Badala yake nikampigia fundi. Anajibu huku anatafuna kitu: "Betri imelowa hiyo. Tafuta trekta likuvute, weka gia ya pili, achia klachi." Nami mtu mzima, mwenye watoto, nikatii. Nikaachia klachi. Konrodi ya silinda ya tatu ikatoka ubavuni mwa bloku, oili ikatanda juu ya maji kwa rangi zote za upinde wa mvua. Dereva wa trekta akashuka, akaniuliza taratibu kama hilo gari huwa linalia hivyo siku zote.

Milioni tatu na ushei zikaenda, gunia 11 za mpunga zikaanza kuota zikiwa humohumo kwenye bodi, na fundi akasema injini ilikuja mbovu toka Japani. Bloku lile sasa linazuia mlango wa banda la kuku. Ndiyo injini pekee ya kijijini ambayo haijawahi kuzima tena.

Kwa hiyo dizeli au petroli? Chukua dizeli kama unabeba mzigo na unaenda polepole, ina nguvu chini chini, na mafuta utayapata popote penye trekta. Kama unataka tairi lizunguke kwa kasi litupe tope, injini ya petroli inapanda mzunguko vizuri zaidi, ndiyo maana Wamarekani kwenye michezo yao ya tope wanapenda V8 za petroli. Mimi nilirudi kwenye 3L nyingine. Lakini yote hayo ni mazungumzo ya kijiweni kama hujafanya hivi: washa gari, liache lingurume bila kukanyaga mafuta, panda uzibe mdomo wa snokeli kwa kiganja. Injini lazima izime. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inaiba hewa, na panapopita hewa, maji yatapita. Tafuta, ziba, rudia. Mimi hufanya hivyo kila masika kabla ya kupakia gunia la kwanza, na fundi simruhusu anisaidie.

Matairi sijakujibu, na giaboksi pia, nimeona. Alfajiri naelekea Ifakara. Ila nenda kazibe hiyo snokeli usiku huuhuu, halafu andika hapa kama ilizima.